Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: mgonjwa wa mawe ya figo huwa anarudi, mpigeni picha mkilijua hilo

Kwa nyie mnaosimamia wizara za afya, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa idara za mionzi, na nyie wa bima mnaoamua kipimo gani kilipiwe na kipi kisilipiwe,

Salamu zenu. Mimi ni mgonjwa wa mawe ya figo wa miaka mingi, sio daktari wala fundi wa mionzi, ila ukiishi na huu ugonjwa unasoma tu utake usitake, unatandaza ripoti zako mezani unazilinganisha, unawasumbua wataalamu kwa maswali, unasoma miongozo ya madaktari wa mkojo, mpaka unaanza kuona shida iko wapi. Na shida ninayoiona mimi sio uhaba wa mashine, japo najua kuna sehemu hata hizo hazipo. Shida ni kwamba mnatupiga picha kama wapita njia, kana kwamba kila mwenye jiwe atakuja leo, atahudumiwa, na hamtamuona tena.

Sisi tunarudi jamani. Karibu nusu ya watu waliowahi kupata jiwe wanapata lingine ndani ya miaka 10 kama hakuna kilichofanyika kuzuia, na wapo wanaorudi tangu ujanani hadi uzeeni. Kwa hiyo kila uamuzi mnaoufanya kuhusu picha, mionzi kiasi gani, ripoti iandikwe vipi, picha zitunzwe wapi, unatufuata maisha yote. Hicho ndo kinachonifanya niandike.

Tuanze pale tunapoanzia wote, dharura. Maumivu ya jiwe lililokwama kwenye yureta, ule mrija mwembamba wa kutoka kwenye figo kushuka kwenye kibofu, hayana mkao, ukikaa yanauma ukisimama yanauma ukilala chini sakafuni yanauma vile vile, yanaanzia ubavuni chini ya mbavu yanashuka kinenani, na wengi tunatapika. Mtu apewe dawa ya maumivu kwanza, picha itafuata, hili hata sitaki tubishane. Sasa picha gani? Hapa ndo kila sehemu ina dini yake. Kuna wanaomkimbiza kila mtu kwenye CT skani, ile mashine ya mionzi inayopiga mwili picha za vipande vipande, kwa sababu ipo hapo karibu na inatoa jibu haraka, kuna wanaopiga eksirei ya tumbo na kumwambia mtu huna jiwe, kuna wanaosema fundi wa ultrasaundi, ile ya mawimbi ya sauti isiyo na mionzi, keshaondoka rudi asubuhi.

Miongozo ya wataalamu wa mkojo wa Ulaya inasema ultrasaundi iwe ya kwanza, na haisemi hivyo kwa kubana matumizi. Mwaka 2014 kulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwenye idara 15 za dharura, wagonjwa 2,759 waliohisiwa kuwa na jiwe, wakagawanywa kwa bahati nasibu wengine waanze na ultrasaundi na wengine waanze na CT. Waliokosewa ugonjwa hatari wakapata madhara walikuwa wachache mno pande zote na hakukuwa na tofauti ya maana, ila walioanza na ultrasaundi walikula mionzi pungufu kuliko walioanza na CT katika miezi 6 iliyofuata. Kuna waliohitaji CT baadae, ndiyo, lakini zaidi ya nusu hawakuihitaji siku ile. Hebu fikirieni hiyo hesabu kwa mtu ambaye atarudi tena na tena.

Ila msinielewe vibaya, siiombei ultrasaundi sifa isizonazo. Kwa kuliona jiwe lenyewe likiwa ndani ya yureta ni dhaifu kweli, inakamata chini ya nusu, kwa sababu katikati ya safari ule mrija umejificha nyuma ya utumbo na gesi ya utumbo inazuia mawimbi ya sauti. Inachokiona vizuri ni figo iliyovimba kwa mkojo uliokosa njia, na zile ncha mbili za mrija, pale unapotokea kwenye figo na pale unapoingilia kwenye kibofu. Na hapo pa mwisho ndo mawe mengi yanapokwama! Sasa mgonjwa anaingia katoka kukojoa, kibofu kitupu, fundi anapitisha kifaa dakika mbili kwenye figo tu anaandika "hakuna jiwe". Hakuna jiwe wapi wakati hajaangalia mlangoni? Kibofu kikiwa na mkojo wa kutosha kinakuwa dirisha, unaona nyuma yake vizuri, na ukiwasha rangi za Dopla, zile zinazoonyesha kitu kinachotembea, unaweza kuona mkojo unavyorushwa kutoka kila mrija kuingia kwenye kibofu, upande ulioziba unarusha kinyonge au haurushi kabisa. Na jiwe lenyewe kwenye rangi hizo mara nyingi linametameta, nyekundu bluu nyekundu bluu, mkia wa rangi nyuma yake, hata kama ni dogo kiasi cha kutotupa kivuli. Nimewahi kukaa nikaonyeshwa hicho kitu kwenye skrini na fundi mwenye subira, ilikuwa mara ya kwanza kuelewa kwa nini aliniambia ninywe maji kwanza nisubiri. Hiyo sio teknolojia mpya, ipo kwenye mashine nyingi mlizonazo, inataka tu mtu afundishwe na apewe muda, na muda huo nyie ndo mnaupanga.

Upande wa pili kuna hawa wanaoyaona mawe hata yasipokuwepo, na hili linanikera kuliko yote. Ripoti inasema "vijiwe vidogo vidogo figo zote mbili milimita 2 hadi 3" na mtu hana dalili yoyote, alikwenda kupima kitu kingine. Katikati ya figo kuna mafuta na kuta za mishipa ya damu ambazo zinang'aa nyeupe kwenye ultrasaundi kawaida tu, na nukta nyeupe isiyo na kivuli wala mmetemeto sio lazima iwe jiwe. Juu ya hapo ultrasaundi ina tabia ya kukuza, jiwe la chini ya milimita 5 inalipa ukubwa ambao halina. Mtu anatoka hapo na hofu, anaanza kununua madawa ya kuyeyusha mawe ambayo huenda hana, mwaka unaofuata anapimwa sehemu nyingine wanamwambia figo safi anashangilia dawa imefanya kazi. Kwani ni vigumu kuandika "nukta ing'aayo, hakuna kivuli, si hakika kama ni jiwe"? Fundi akiogopa kuonekana hajui ataandika jiwe, kwa hiyo mpeni ruhusa rasmi ya kuandika kwamba hana uhakika.

Sasa CT, na hapa naomba mkae vizuri.

CT isiyo na dawa ya kung'arisha picha ndo mfalme wa mawe, inakamata zaidi ya asilimia 95, inaonyesha jiwe liko wapi, kubwa kiasi gani, gumu kiasi gani, na kama sio jiwe inaweza kuonyesha ni nini badala yake, kidole tumbo kimevimba au mshipa mkuu wa damu umetanuka. Hili la mshipa mkuu sio dogo, mzee wa zaidi ya miaka 60 anayekuja na "maumivu ya jiwe" kwa mara ya kwanza maishani ni mtu wa kuangaliwa haraka, kuna waliokufa na mshipa uliopasuka huku wakitibiwa jiwe. Kwa hiyo sisemi CT iondoke. Nasema mashine hiyo hiyo inaweza kupiga kwa mionzi mingi au kwa mionzi kidogo, na kwa mawe kidogo inatosha.

CT ya tumbo kwa mpangilio wa kawaida inaweza kufika karibu milisiviti 10, hicho ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. CT ya mawe ya dozi ndogo ni chini ya 4, sehemu nyingi inashuka chini ya 3, na kuna wanaofika karibu na eksirei ya kawaida. Mionzi ya asili inayotoka ardhini na angani mtu anapata wastani wa milisiviti 2.4 kwa mwaka mzima duniani. Na usahihi? Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha CT ya dozi ndogo inayakamata mawe kwa asilimia 93.1, na kwa wasio na jiwe inasema hawana kwa asilimia 96.6. Sababu ni rahisi, jiwe ni jeupe sana na nyama inayolizunguka ni kijivu, hata picha ikiwa na chengachenga jiwe bado linaonekana. Chengachenga zinasumbua ukitafuta uvimbe mdogo kwenye ini, hazisumbui sana ukitafuta jiwe. Mtu mnene sana ni tofauti, hapo dozi ndogo inapoteza picha na vijiwe vidogo vinaponyoka, huyo apigwe ya kawaida na ieleweke hivyo.

Sasa mbona bado tunapigwa dozi kubwa? Jibu nililopewa na watu wa ndani ni la kuchekesha na kuudhi kwa pamoja. Mashine inakuja na orodha ya protokali, yaani mipangilio ya kupigia picha, fundi anachagua "tumbo na nyonga" kwa sababu ndo anayoizoea, hakuna aliyekaa na mhandisi na mtaalamu wa fizikia ya mionzi kutengeneza kitufe cha "mawe". Basi. Hakuna ununuzi unaohitajika hapo wala tenda wala kamati ya mwaka mzima. Na pengine fundi anapiga awamu mbili, bila dawa halafu na dawa, mtu kaja na jiwe tu, dozi mara mbili. Dawa hiyo ya kung'arisha nayo ni nyeupe kwenye picha, ikishaingia kwenye mkojo inaweza hata kulificha jiwe, achilia mbali kwamba mwenye figo zilizochoka anahitaji kupimwa kriatinini, kile kipimo cha damu cha kuona figo zinafanyaje kazi, kabla ya kuchomwa. Dawa ina kazi yake, daktari akitaka kuona ramani ya mirija kabla ya upasuaji au akihisi kitu kingine, lakini iwe imeombwa kwa sababu.

Kila CT ikiisha, mashine inatengeneza ukurasa wake yenyewe wenye namba za dozi. Upo. Unakaa mwisho wa picha na hakuna anayeufungua. Naomba namba hiyo iandikwe kwenye ripoti ya kila mgonjwa, mstari mmoja tu, halafu mkuu wa idara kila baada ya muda azikusanye za mawe peke yake azitazame. Akiona wagonjwa wembamba wanapewa dozi sawa na wanene, ana kazi ya kufanya.

Nije kwenye ripoti. Ripoti ya jiwe iliyoandikwa "kuna jiwe yureta ya kushoto, figo imevimba kiasi" haimsaidii mtu yeyote kuamua chochote. Ukubwa ndo uamuzi wenyewe. Jiwe la milimita 5 kushuka chini, kama theluthi mbili ya watu linatoka lenyewe, la milimita 5 mpaka 10 ni kama nusu tu, kwa hiyo tofauti ya milimita 4 na milimita 7 ni tofauti kati ya kwenda nyumbani kusubiri wiki 4 hadi 6 na kuanza kupanga kuingiliwa. Na kupima nako kuna ufundi wake. Jiwe la yureta linalala kwa urefu kufuata mrija, juu kwenda chini, sasa ukilipima kwenye zile picha za kukata mwili mapande ya duara unapata upana wake tu, urefu wake umeupoteza. Inabidi picha zipangwe upya kwa mkao wa mtu aliyesimama mbele yako, lipimwe tena huko, na limulikwe kwa ule mpangilio wa kuangalia mifupa, picha iwe imekuzwa, ndo kingo zake zinaonekana sawasawa. Nina ripoti mbili za jiwe moja, sehemu tofauti, zimepishana muda mfupi tu, moja inasema jiwe la wastani la kusubiri na nyingine inasema kubwa, na daktari wangu alipozifungua picha zote mbili akasema jiwe halijakua hata kidogo, kila mmoja kapima kwa upande wake. Kwa mtu anayerudi hilo ni janga, manake swali la kwanza kila akirudi ni "limekua?"

Halafu ugumu. CT inaupima kwa namba za Hounsfield, zimepewa jina la Godfrey Hounsfield wa Uingereza, mhandisi aliyeleta CT duniani, mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971 na mwaka 1979 akapewa Nobel pamoja na Allan Cormack. Maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri, na jiwe linaanzia mia kadhaa kwenda juu. Jiwe likizidi 1000 hivi linagoma kuvunjwa kwa mawimbi ya nje, na likiwa mbali na ngozi zaidi ya sentimita 10 nalo linagoma, kwa hiyo mtu analazwa kwenye mashine ya kuvunja, anavunjiwa, jiwe liko pale pale, anarudi tena, na namba zote mbili zilikuwepo kwenye CT yake toka siku ya kwanza hakuna aliyeziandika. Na upande wa chini kuna zawadi kabisa. Jiwe la chini ya 500 hivi, mkojo una asidi nyingi, hilo lina uwezekano mkubwa wa kuwa jiwe la asidi ya yuriki, na mawe hayo ndo pekee ya kawaida yanayoweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza asidi ya mkojo, kama sitrati ya potasiamu, bila kuguswa na kisu. Kuna CT za nguvu mbili zinazoweza kulitenga jiwe la yuriki na mengine vizuri zaidi, lakini hata hiyo ya kawaida inatoa dokezo. Dokezo lisipoandikwa, mtu anakwenda kufanyiwa upasuaji wa jiwe ambalo lingeyeyuka.

Jiwe hilo hilo la yuriki ndilo linaloikimbia eksirei. Eksirei ya tumbo inayaona mawe ya kalsiamu mengi, ya yuriki haiyaoni, ya sistini inayaona kwa shida, na ukichanganya na gesi na kinyesi na vile vinundu vya kalsiamu ndani ya mishipa ya nyonga ambavyo watu wazima wengi wanavyo na vinafanana na mawe, unapata kipimo kinachokamata kati ya asilimia 44 na 77. Kwa hiyo kumwambia mtu wa dharura kwamba hana jiwe kwa sababu eksirei ni safi, hapana. Ila msiitupe! Kabla ya kila CT mashine inapiga picha moja bapa ya kupimia mwili, na kama jiwe linaonekana kwenye hiyo picha bapa basi litaonekana kwenye eksirei pia, na mtu huyo anaweza kufuatiliwa kwa eksirei ya kawaida badala ya CT nyingine. Mstari mmoja kwenye ripoti, "jiwe linaonekana kwenye picha ya kupimia", unamwokolea mtu CT moja au mbili mbele ya safari. Sijawahi kuona ripoti yangu hata moja yenye mstari huo.

Na picha zenyewe ni za nani? Hapa ndo kuna uchungu wangu mkubwa, naomba mniwie radhi nikipandisha sauti. Nilipigwa CT hospitali moja, sitaitaja, nikapewa karatasi ya ripoti na filamu moja yenye picha ndogo ndogo kama stempu. Nilipohamishiwa kwa daktari wa mkojo kwingine akanyanyua filamu juu ya taa, akaguna, akasema hapa sipimi kitu. Kuomba faili zenyewe za picha, naambiwa mfumo hautoi nje. Nikapigwa tena. Jiwe lile lile, mwili ule ule, mionzi mara mbili, kwa sababu ya sidii tupu ambayo hakuna aliyeiweka kwenye mashine. Na mimi nina nafuu kwamba najua kuuliza, wengi wanapiga picha filamu kwa simu wanamtumia daktari WhatsApp, daktari mwenye huruma anajitahidi kukisia.

Faili kamili za picha apewe kila mgonjwa wa mawe, kwenye sidii au flashi au kwa kiungo cha kupakua, bila barua ya maombi. Na mkiweza unganisheni mifumo ya hospitali zenu zisomane. Lakini hilo la pili naona lina mikataba na siasa ndani yake, hilo la kwanza mnaweza kuanza wiki hii.

Nyie wa bima mnaosoma mpaka hapa, najua mnapenda kukataa kipimo cha kufuatilia kwa sababu mgonjwa "haumwi tena". Hilo kataeni kulikataa. Maumivu kuisha sio ushahidi kwamba jiwe limetoka. Jiwe linaweza kukaa pale pale limeziba, figo ikazoea, ikaacha kulalamika, huku inakufa taratibu bila kelele, mtu anakuja kugundua baada ya muda mrefu kwamba upande mmoja haufanyi kazi. Kama jiwe halijaonekana likitoka, halijakamatwa kwenye chujio la mkojo, mtu apigwe picha ya kuhakikisha, mara nyingi ultrasaundi inatosha kuona kama uvimbe wa figo umeisha, na kama jiwe lilikuwa linaonekana kwenye eksirei basi iongezwe na eksirei. Hicho ni kipimo cha bei ya chini kuliko vyote tulivyovitaja. Dialisisi, ile ya kusafishwa damu kwa mashine figo zikifa, mnajua bei yake wenyewe.

Wajawazito na watoto sitarefusha, wataalamu wameshakubaliana kwamba ultrasaundi ndo ya kwanza kwao. Kwa mjamzito ikishindikana inafuata MRI, ile mashine ya sumaku isiyo na mionzi, ambayo jiwe lenyewe hailioni vizuri, inaonyesha pengo jeusi tu mahali mkojo ulipozibwa, na CT ya dozi ndogo ndo ya mwisho kabisa. Ila fundi ajue kwamba figo ya mjamzito inavimba kidogo kawaida, hasa ya kulia, sio kila uvimbe ni jiwe. Na kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayeumwa ubavu au tumbo la chini apimwe mimba kabla ya kuingizwa kwenye mionzi, na si kwa ajili ya mionzi peke yake, mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo inauma hivyo hivyo na inaua.

Kuna mgonjwa mmoja tu ambaye kwake naomba muache ubishi wote wa picha. Mwenye homa, anatetemeka, na figo imeziba. Mkojo wenye vijidudu umefungiwa nyuma ya jiwe, na hapo masaa yanahesabika. Huyo ultrasaundi ya kitandani ikionyesha figo imevimba inatosha kuanza kupiga simu, figo itobolewe na kuwekwa mrija wa kutolea mkojo kupitia mgongoni au iwekwe stenti, mrija wa plastiki unaokaa ndani ya yureta, kutokea chini, antibayotiki zikiwa zimeshaanza, jiwe lenyewe litashughulikiwa wakati mwingine. Mwenye figo moja aliyeacha kukojoa naye ni wa foleni hiyo hiyo. Nimesikia wagonjwa wa aina hii wakisubiri zamu ya CT mpaka kesho yake "ili tuwe na uhakika". Wekeni maandishi ukutani dharura, nani anaitwa, kwa namba gani, usiku na mchana, na ile ultrasaundi ya dharura isifungiwe kabatini fundi akiondoka, wafundisheni madaktari wa dharura wenyewe kutafuta uvimbe wa figo, ni moja ya vitu vinavyofundishika haraka kwenye ultrasaundi yote.

Na kwa kuwa nimetaja stenti. Mtu akiwekwa ule mrija wa plastiki ndani, si kila mtu ana maumivu ya kumkumbusha kila siku, wengine wanasumbuka sana na mkojo lakini wengine wanausahau kabisa, na ukisahaulika miezi na miaka unajengewa mawe juu yake, kuutoa inakuwa oparesheni nzito kuliko ile ya mwanzo. Daftari la stenti, au faili la kompyuta lenye jina, tarehe ya kuweka na tarehe ya kutoa, na mtu wa kupiga simu tarehe ikipita, jamani hili kweli linahitaji barua ya wazi? Eksirei moja inaonyesha stenti yote kutoka figo mpaka kibofu, ikionyesha ilipo na kama imeanza kuota mawe, kwa hiyo hata aliyepoteza makaratasi anaweza kukutwa, mradi kuna anayemtafuta.

Najua mtasema hatuna wataalamu wa kutosha wa kusoma picha, na ni kweli, ripoti moja inasomwa na mtu ambaye ana nyingine mia zinamsubiri. Ndo maana naomba fomu. Fomu fupi ya ripoti ya mawe iliyokwisha kuandaliwa kwenye kompyuta, upande, mahali, urefu kwa milimita kwenye mikao miwili, ugumu, umbali toka ngozini, figo imevimba au la, linaonekana kwenye picha ya kupimia au la, limelinganishwa na picha ya tarehe gani. Anajaza, anamaliza, na haimchukui muda zaidi ya kuandika aya isiyosema kitu. Fomu ya kuombea kipimo nayo iwe hivyo hivyo, daktari anayeomba aandike kama mtu amewahi kupata jiwe, CT ya mwisho ilikuwa lini, ana figo ngapi, ana homa au hana, sio kuandika neno "maumivu" halafu anategemea anayesoma picha aote.

Sitegemei mjibu barua hii kwa maneno. Mkipita idara ya mionzi, wiki hii au ijayo, simameni nyuma ya fundi wa CT pale kwenye skrini yake mumuombe awaonyeshe protokali ya mawe ya figo iko wapi. Akiwaonyesha ile ile ya tumbo na nyonga, muiteni mkuu wa idara hapo hapo, na mhandisi wa mashine apigiwe simu kabla hamjatoka chumbani.

Wenu,
Mgonjwa wa mawe ya figo